Ukipanda mlima, andika na jina la aliyekubebea mzigo

Watu wa Tanga tukitaja milima, wa kwanza atasema Usambara, wa pili atasema Kilimanjaro, na mazungumzo yataishia hapo. Mimi ni mtu wa Ngamiani, nimekulia kwenye joto na upepo wa bahari, na kwa miaka mingi sasa likizo zangu huishia milimani. Vijana wanaotaka kuanza huniuliza maswali mawili: nipande milima ipi, na nikishapanda nitathibitisha vipi? Nitayajibu yote, ila hili la pili ndilo linalonikaa moyoni.

Tuanze na milima. Wengi hutazama urefu tu, yaani mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Urefu peke yake haukwambii mlima umesimamaje. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, ina mita 5,149, na Margherita ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ina 5,109, kwa hiyo kwenye karatasi Mawenzi imeshinda. Lakini Mawenzi imeegemea Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Kutoka kilele kimoja kwenda kingine unashuka hadi kwenye tandiko lililo karibu mita 4,300, kisha unaanza kupanda tena. Margherita haina ndugu mkubwa wa kuegemea. Imetoka chini ikapanda yenyewe.

Sisi wa pwani tunaweza kulielewa hili bila hesabu nyingi. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga huungana, unatoka hapa unafika pale kwa miguu. Likija bamvua, kila fungu linabaki kivyake. Sasa chukulia bahari inajaa bila kukoma: imeimeza Tanga, imeimeza Muheza, inapanda Korogwe. Subiri mpaka mlima unaoutaka ubaki kisiwa, pasiwepo ardhi kavu inayouunganisha na mlima wowote mrefu kuliko wenyewe. Kipande kitakachobaki nje ya maji saa hiyo, kutoka ufukweni hadi kileleni, ndicho nitakachokiita mchomozo.

Kilimanjaro ina mita 5,895 na hakuna mlima Afrika unaoupita. Kwa hiyo bahari ingehitaji kupanda kiasi cha mita 10 tu, iikate Afrika na Asia pale Suez, na mlima wetu ungebaki mfalme wa kisiwa chake. Ndiyo maana mchomozo wake ni mita 5,885, karibu urefu wote. Kwa kipimo hicho ni wa nne duniani, nyuma ya Everest, Aconcagua wa Argentina na Denali wa Alaska. K2, wa pili kwa urefu kwa mita zake 8,611, unaporomoka hadi nje ya ishirini bora, kwa sababu ardhi inayouunganisha na Everest yenyewe iko juu mno. Na Lhotse, wa nne kwa urefu duniani wenye mita 8,516, una mchomozo wa mita kama 610 tu, kwa maana ni bega la Everest.

Ukitaka kuona kwa macho milima inavyotengana, panda basi la Moshi ukae dirisha la kulia. Kuanzia Mombo ukuta wa Usambara unakwenda nawe sambamba, mawe na msitu juu, katani na vichaka chini. Ukikaribia Mkomazi ukuta unakatika, bonde linafunguka, na baada ya hapo ndipo Upare unapoanza kuinuka. Pale palipofunguka ndipo pa kupimia mchomozo. Wengi hupita pale wamelala.

Wapandaji duniani wameweka mstari kwenye mita 1,500. Mlima wenye mchomozo wa kiasi hicho au zaidi huhesabiwa kuwa mkubwa kwelikweli, na duniani kote kuna milima zaidi ya 1,500 ya namna hiyo. Wapo wanaoifuata mmoja mmoja maisha yao yote. Tanzania tunayo ya kutosha, ikiwemo Kilimanjaro, Meru, Hanang na Loolmalasin kule nyanda za Ngorongoro. Ushauri wangu kwa mtu wa pwani: miguu izoeshe Magoroto na Amani, mapafu yazoeshe Lushoto kwenye msitu wa Magamba, halafu nenda Hanang, ambao mtu mwenye nguvu anaupanda na kushuka siku moja kutokea Katesh. Baada yake Meru, ndipo Kilimanjaro. Usiruke. Basi la asubuhi linaweza kukufikisha Moshi mchana, lakini mwili wako bado uko usawa wa bahari, na kichwa kikianza kugonga huku unatapika, dawa yake ni kushuka. Wala usibishane na mwongozaji akikwambia geuka.

Sasa nije kwenye kuandika.

Jambo la kwanza ni kuandika mahali ulipofika. Kilimanjaro kuna Gilman's Point kwenye mita 5,685, kuna Stella Point kwenye 5,756, na kuna Uhuru, ncha yenyewe ya mlima. Cheti kinasema ulifika wapi, na wewe sema hivyohivyo. Hakuna aibu yoyote katika kuandika Stella. Aibu ni kuandika Uhuru wakati uligeukia Stella, maana umemnyang'anya kitu yule aliyeongeza saa nzima kwenye baridi ile.

Dunia nzima imepata fundisho hili kwa Manaslu, mlima wa mita 8,163 kule Nepal. Mwaka 2021 droni ilipiga picha iliyoonyesha wazi kwamba watu wengi walikuwa wakisimama mahali kabla ya ncha yenyewe, wakipeana mikono, wakirudi. Orodha za waliopanda milima yote 14 inayozidi mita 8,000 zikapekuliwa upya. Mwaka 2023 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakamwondolea Mwitaliano Reinhold Messner rekodi ya kuwa wa kwanza kuimaliza yote, wakampa Mmarekani Ed Viesturs, kwa hoja kwamba Messner hakugusa ncha ya Annapurna, mmoja wa milima hiyo 14, mwaka 1985. Mimi naona Messner ameonewa. Alipanda kwa ujuzi wa zama zake, kwenye ukingo mrefu ambao ncha yake haikuwa imepimwa kama leo. Hata hivyo kisa hiki kinatufunza jinsi ya kuandika. Andika ulichokiona: ukingo ulielekea wapi, ulisimama upande gani wa jiwe lipi, mbele yako palikuwa na nini. Hukumu wataitoa wa baadaye wenye vipimo bora, nao watakushukuru kwa kuwaachia maelezo badala ya neno "nimefika" peke yake.

Na wapo waliodanganya kabisa. Frederick Cook alidai kuipanda Denali mwaka 1906, akatoa na picha. Picha ile ilikuja kugundulika imepigwa kwenye kilima kidogo, mbali na Denali. Kilele chenyewe kilifikiwa 1913, na wa kwanza kukikanyaga alikuwa Walter Harper, kijana ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa Alaska. Tunalijua hilo kwa sababu kiongozi wake, Hudson Stuck, aliliandika. Vivyo hivyo Aconcagua. Msafara wa 1897 ulikuwa wa Edward FitzGerald, lakini yeye alishindwa na hewa ya juu, na mwongozaji wake Matthias Zurbriggen akafika peke yake. Vitabu vinamtaja Zurbriggen. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwetu haikuwa hivyo, na hapa ndipo ninapoumia. Mjerumani Hans Meyer anatajwa kila mahali kuwa wa kwanza Kibo, pamoja na Ludwig Purtscheller, tarehe 6 Oktoba 1889. Mwaka mmoja kabla, 1888, Meyer alikuwa huku kwetu Usambara na Oscar Baumann. Vita vya Abushiri vikawakuta, wakatekwa, wakaachiwa kwa fidia. Desemba 1889, wakati habari za Kibo bado mbichi, Abushiri akanyongwa Pangani. Katika msafara uliofanikiwa kulikuwa na wapagazi, wapishi na wasimamizi. Mwini Amani, mtu wa pwani, alibaki na Wazungu wale wawili kambi ya juu, kwenye baridi. Yeye tunamjua kwa jina. Wangapi hatuwajui? Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kuwa aliongoza msafara ule wakati wa sherehe za miaka mia, 1989, na akafariki 1996. Mpaka leo watu wanabishana alifika wapi. Ubishi huo usingekuwepo kama majina yote yangeandikwa siku ileile, kila mtu na kambi aliyofika.

Kwa hiyo kwenye daftari langu kila anayekwenda anaingia: anayelipa, anayeongoza, anayepika, na wale wagumu wanaobeba mahema na majiko. Kwa kila mmoja kuna sehemu ya juu aliyofika. Nikimaliza siku nakaa na wagumu kabla hawajalala, namwomba kila mtu aniandikie jina lake mwenyewe kwa mkono wake, au anitajie nami niandike kisha nimsomee. Wengi hushangaa kuulizwa. Mmoja kule Meru aliniambia, "Andika na la baba yangu, kaka, yeye ndiye aliyenifundisha njia." Nikaliandika.

Hata wasiopanda wana kazi hapa. Elizabeth Hawley, mwandishi wa habari Mmarekani, alikaa Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki 2018, hakuwahi kupanda mlima mkubwa hata mmoja, na bado hakuna aliyejua zaidi yake ni nani amepanda nini Himalaya ya Nepal. Alikuwa akiwafuata wapandaji hotelini mwao na kuwauliza maswali, msafara baada ya msafara. Kazi ya namna hiyo inaweza kufanyika Ngamiani au Chumbageni, kwa sababu wazee waliobeba mizigo Kilimanjaro ujanani wametawanyika mji mzima.

Jirani yangu fundi baiskeli ni mmoja wao. Nilimwendea na kauntabuku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Baiskeli ina nini?"

"Leo si baiskeli. Nimesikia ulifika Uhuru."

Aliweka spana chini, akafuta mikono. Nilipomuuliza mwaka, hakuukumbuka, na nikaona anaanza kujiona ameshindwa mtihani. Nikabadilisha swali: siku zile redio ilikuwa inasema nini? Hapo akafunguka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, vijana walikuwa wanarudi, na rafiki aliyebeba naye alikuwa anamsubiri kaka yake kutoka Uganda. Majina ya wenzake aliyatoa yote, mpaka wa aliyepoteza kiatu. Kwa hiyo kwa wazee usiulize mwaka, uliza kulikuwa na nini: vita, njaa, mvua kubwa, harusi ya nani. Mwaka utaupata mwenyewe. Muulize pia kama anaridhia jina lake liwekwe hadharani. Namba ya simu yake ibaki kwako.

Kuhusu vifaa sina mengi. Tumia penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma kwenye baridi na wino huchuruzika karatasi ikilowa. Simu iweke ndani ya nguo, karibu na mwili, la sivyo betri itakata kabla ya kilele. Ukipiga picha, geuka upige pande zote nne, si uso wako na bango tu, maana milima inayoonekana nyuma ndiyo inayothibitisha uliposimama. Na picha ya ushahidi usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. Ikipita huko hupoteza saa na mahali ilipopigiwa; itume kama dokumenti, au ihifadhi ile ya asili. Waliogeuka njiani nao waandike, na sababu: mvua, maradhi, muda. Atakayepanda mwezi huohuo mwaka ujao atajua ajiandae kwa nini.

Karatasi zetu za Tanga zina maadui wawili, unyevu wa bahari na mchwa. Daftari likae kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya bati lenye kifuniko, juu ya kabati, kamwe si sakafuni. Kila likijaa kurasa chache zipige picha zote na uzipeleke kwa mtu anayeishi mji mwingine. Zangu ziko kwa dada yangu Korogwe, na amekwisha kuongeza majina ya wazee wawili wa kule ambao mimi sikuwahi kuwasikia.