Usisubiri mambo yakae sawa ndipo ufurahi

Wiki ina saa 168. Toa za kulala, tuseme 56. Toa za kazi, za njiani, za kufua na kupika, na zile zinazoliwa na simu bila mwenyewe kujua. Kinachobaki ni kidogo, na usipokipangia, kitapangiwa na wengine.

Wengi wetu tunaishi kwa ahadi: nikimaliza masomo, nikilipa deni, watoto wakikua, hapo ndipo nitafurahi. Shida ni kwamba binadamu huzoea mambo haraka. Wanasaikolojia Brickman na Campbell waliliandikia jambo hili mwaka 1971: tukipata tulichokitamani, shangwe hudumu kidogo, kisha tunaanza kutamani kingine. Anayesubiri mambo yakae sawa atasubiri sana; afadhali achague furaha leo.

Lakini tuelewane. Kuchagua furaha si kuchekacheka. Aliyefiwa aachwe alie, na mwenye sonona anahitaji mtaalamu, si maneno matamu ya kutiana moyo. Binafsi, ukiniambia "chagua furaha" nikiwa msibani, tutakosana.

Ninachochagua mimi ni kitu cha kawaida zaidi: nini kitangulie kwenye ratiba. Jumapili jioni, kabla sijaandika kazi yoyote ya wiki inayokuja, naandika kwanza mambo mawili matatu yanayonipa raha. Kazi zitajipenyeza zenyewe, hazijawahi kukosa nafasi. Raha ndiyo isiyo na mtetezi.

Kwenye orodha yangu dada hakosi. Nampigia jioni, wakati anakunja nguo. Nasikia shuka likikung'utwa, mara ananikatisha, "Hebu ngoja nishike pembe," simu inaanguka kitandani, anairudia akicheka, tunaendelea. Hatuongei la maana. Tunamsengenya mjomba kidogo, tunabishana nani alivunja kioo tukiwa wadogo (ni yeye). Nikikata simu najisikia mwepesi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ambao umefuatilia maisha ya watu kwa zaidi ya miaka 80, umeonyesha kwamba uhusiano mzuri na watu unaendana sana na afya na furaha uzeeni. Kwa hiyo hata huo umbea una faida.

Kuwa na muda tu hakutoshi, kama akili haipo. Mwaka 2010, wanasaikolojia Killingsworth na Gilbert waliripoti kwamba watu waliowachunguza walikuwa wakiwaza mambo mengine karibu asilimia 47 ya muda waliokuwa macho, na walipokuwa hivyo furaha yao ilikuwa ndogo zaidi. Ndiyo maana mwanangu akianza hadithi zake ndefu za shuleni, simu naipeleka chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakusaidii, jicho linaifuata tu.

Halafu kuna kukataa. Jifunze kusema "sitaweza" bila kuongeza maelezo, maana ukieleza sana unafungua mjadala. Wapo watakaonuna. Wengi wao watazoea.

Kama hujui pa kuanzia, mpigie mtu mmoja wiki hii. Usitume ujumbe, piga. Akiuliza kuna nini, mwambie hakuna kitu, umemkumbuka tu.