Usiweke mbolea mbichi ya kuku kwenye shimo la mahindi, nimeshaunguza heka 2

Mkuu, usipande Jumamosi. Weka jembe chini kwanza usome hapa.

Umeandika umepata viroba 40 bure kutoka banda la broila, vimetoka juzi, mvua imeshanyesha, na unataka kutia viganja viwili kila shimo halafu mbegu juu yake. Hicho ndicho nilichofanya mimi kule Chalinze, masika ya mwaka wangu wa kwanza wa kilimo, ila mimi nililipia ule upuuzi. Wewe angalau unaungua bure.

Nilinunua kwa jamaa mmoja mfugaji wa Kibaha. Nikamuuliza kabisa, "Hii haina haja ya kuozeshwa?" Akacheka. "Mzee, ikiwa mbichi ndiyo ina nguvu. Ukiikalisha unapoteza virutubisho." Alisema kwa kujiamini mpaka nikaona aibu kuuliza swali la pili. Kumbe alikuwa anataka banda litoke uchafu kabla vifaranga wapya hawajaingia, na amepata mjinga wa kumlipa na kumbebea! Asubuhi tunapakia kwenye Kirikuu vile viroba vilikuwa vinatoa mvuke, macho yanawasha kama tumekata vitunguu. Nikasema moyoni, kweli hii ina nguvu.

Tukatia viganja viwili, udongo kidogo, mbegu, tukafukia. Kilo 20 za mbegu chotara. Siku ya saba naenda shambani na simu nipige picha za kurusha kwenye grupu la familia. Nikakuta chuma cha vitumbua: mashimo yamejipanga vizuri kwa mistari, ndani hamna kitu. Nilihesabu mstari mmoja wa mashimo 50, yalikuwa yameota 11. Nikafukua. Mbegu zimevimba, mzizi umetoka kidogo halafu ncha yake imekuwa kahawia kama imepitishwa kwenye moto. Hayo 11 yenyewe yalikuwa na ncha za majani kavu kama majani ya chai. Na yale maranda ya bandani yakaita mchwa, wakamalizia walichokikuta. Kwenye grupu naitwa Bwana Shamba mpaka leo, na si kwa heshima.

Kinyesi cha kuku si samadi ya ng'ombe. Kina naitrojeni nyingi zaidi, na kikiwa kibichi inatoka kwa kasi ikiwa gesi ya amonia, ndiyo hiyo inayokuwasha macho. Ongeza chumvi na joto la kuoza, vyote umevifungia kwenye shimo moja na kimzizi cha siku tatu. Kitaponea wapi?

Nikarudishia katikati ya Aprili. Mbegu upya, vibarua upya. Mahindi yakaja kutoa mbelewele mvua imeshaaga. Nilipata magunia 7 kwa heka zote 2. Jirani yangu aliyepanda siku ileile niliyopanda mara ya kwanza, bila mbolea YOYOTE, alipata 11 kwa heka moja. Yaani ningelala nyumbani ningekuwa tajiri.

Sheria yangu ni moja: ikinuka amonia au ina joto, haiingii shimoni. Mwaka uliofuata nilianza Desemba. Nikalundika chini ya mwembe, nikachanganya na mabua makavu yaliyokatwakatwa, nikanyunyiza maji mpaka ukiikamata ngumini inashikana lakini haichuruziki, nikafunika na turubai. Turubai usiliache, kwa sababu yule jamaa alikuwa na robo ya ukweli: ukiiacha wazi kwenye jua na mvua, naitrojeni inapotea kweli. Kila wiki nageuza. Nilichomeka mti katikati ya lundo. Ukiuchomoa na bado una joto, endelea kusubiri. Miezi miwili na ushee ikawa nyeusi, inachambuka, inanuka udongo wa mvua. Kiganja kimoja kwa shimo, nikachanganya na udongo, nikaweka udongo mtupu juu, ndipo mbegu. Yaliota yote isipokuwa yale waliyokula kanga. Jirani yule alikuja mwenyewe kuazima turubai.

Kwa msimu huu panda na mbolea yako ya kawaida ya kupandia, hivyo viroba vilundike. Vikiwahi kuiva kabla mahindi hayajapita magotini, weka pembeni, kama shubiri moja kutoka kwenye shina, ufukie. Visipowahi, ni vya vuli.

Uliuliza pia aina ya mbegu na nini sijui kuhusu Urea, wadau wengine watakujibu, mimi hapo sina akili. Nenda sasa hivi ufungue kiroba kimoja, zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, rudi utuambie kama kuna joto.