Mometasoni ya krimu na ya marhamu, mbona nguvu tofauti?

Mkuu, umeuliza kwa nini daktari amekutoa kwenye krimu ya mometasoni (steroidi, dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi) akakupa ya marhamu wakati zote zimeandikwa 0.1%. Hajakosea. Hiyo asilimia inakwambia dawa iliyomo kwenye tyubu tu, haikwambii itakayopenya kwenye ngozi. Ngozi ya juu kabisa ni seli zilizokufa zimebanana na mafuta katikati yake, ikiwa kavu inagoma kupitisha, ikipata unyevu inalegea. Krimu ina maji, ukipaka yanakauka fasta, ila marhamu ni mafuta ya mgando, yanakaa juu yanazuia unyevu wa mwili usitoke, ngozi inalainika na dawa inazama. Ndo maana kwenye ile orodha ya Marekani ya madaraja 7 ya steroidi za kupaka, marhamu ya mometasoni iko daraja la 2 na krimu la 4, na la 1 ndo kali kuliko yote.

Hapo kwenye kiwiko unapopaka ngozi ni ngumu, paka daktari alivyokuandikia. Ila usoni, kwapani na sehemu za siri usiipeleke bila kumuuliza, utafiti wa zamani wa haidrokotisoni, steroidi nyingine, ulikuta ngozi ya korodani inanyonya mara 42 zaidi ya ya mkono. Nailoni pia usifunge juu yake, inazuia unyevu usitoke na dawa inazama zaidi. Na kwa watoto pampasi inafanya kazi ileile ya nailoni, mama anapaka anafunga, dozi imepanda na hajui, na inaniuma kweli maana maduka mengi ya dawa hawamwambii.