Bima ninayo, dhamana ya nini tena?

Swali: Shikamoo mzee. Nina ghala hapa Vwawa, linaingia tani 500 za mahindi. Naomba leseni ya kupokea mazao ya stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaacha mazao ghalani na kupewa karatasi ya kuyadai. Bima ya moto na wizi nimeshalipia, sasa nadaiwa na dhamana. Huku si kulipia kitu kimoja mara mbili?
Mwenye ghala, Vwawa

Jibu: Marahaba mwanangu. Si kitu kimoja. Bima inakukinga wewe na moto na wezi. Dhamana inamkinga mkulima dhidi yako: ukishindwa kumrudishia mazao yake, mdhamini anamlipa. Usinune, na mimi nilinuna.

Zamani, kabla ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, nilishika funguo za ghala la mtu. Tajiri wangu akauza kimyakimya gunia 200 za wakulima, akitumaini bei itashuka azinunue tena. Bei ikapanda. Watu wakaja na karatasi zao mkononi, mama mmoja akalala barazani kwetu siku mbili. Bima ilikuwepo, lakini ya moto, na moto haukuwaka. Mlango haukuvunjwa, ufunguo nilikuwa nao mimi! Angekuwepo mdhamini, yule mama angelipwa.

Sasa piga hesabu yako. Tani 500 ni gunia 5,000 za kilo mia. Tuseme gunia ni shilingi 70,000: chini ya bati lako kuna milioni 350 za watu. Je, ghala lenyewe ukiliuza utazipata?

Ila ujue jambo moja ambalo mawakala hulipitia harakaharaka. Bima ikikulipa, yameisha. Mdhamini akilipa kwa niaba yako, anakugeukia akudai mpaka senti ya mwisho. Ndiyo maana atataka kuona hesabu zako na hati ya kiwanja kabla hajatia saini. Angalia pia tarehe. Dhamana inayoisha mwezi wa nane, ghala likiwa limejaa, ni balaa la kujitakia.

Kinachowaumiza wengi si wizi, ni unyaufu. Ukipokea mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 yakakaukia ndani hadi 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, kila gunia linapoteza karibu kilo 3. Kwa gunia zako zote ni zaidi ya tani 14, na hujaiba hata punje. Stakabadhi lakini zitasoma kilo zilezile ulizoandika siku ya mapokezi, na aliyezishika atazidai.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa mdhamini, nunua kipima unyevu, ukiweke mlangoni pembeni ya mizani. Mkulima akileta mahindi mabichi, mrudishe akayaanike, hata akiwa shemeji yako. Mimi wangu alininunia hadi Krismasi.