Samadi ya Punda, Jivu na Maji ya Kisima: Maswali ya Bustani Lamu

Wiki hii nimechagua maswali ya wanaoanza kupanda mboga nyumbani bila mbolea ya dukani wala dawa za viwandani.

Mavi ya punda yamejaa mtaani kwetu. Naweza kuyatia kwenye mchicha moja kwa moja? (Mama wa watoto wawili, Langoni)

Yaokote, dada yangu, ni mali hiyo, ila usiyatie mabichi. Mbegu za magugu hupita tumboni mwa punda zikatoka nzima, kwa hivyo utakuwa umepanda magugu kwa mkono wako. Tena samadi mbichi ina vijidudu, na mchicha unaliwa majani.

Rundika tabaka la samadi, kisha tabaka la majani makavu na maganda ya jikoni, hivyo hivyo mpaka lifike kama mita moja. Nyunyizia maji kiasi kwamba ukifinya konzi moja yadondoke matone mawili matatu tu. Funika kwa makuti. Siku ya nne chomeka kijiti katikati, kiache kidogo, kisha kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, rundo linafanya kazi. Likipoa, ligeuze na uongeze maji. Baada ya miezi mitatu hivi hutaona tena umbo la kinyesi, utaona kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Hiyo ndiyo mboji, na mchanga wetu hauna dawa nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Sukuma wiki yangu inageuka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Kila wiki natia jivu kama nilivyoshauriwa. (Kijana wa Shela)

Jivu hilo liache leo hii, mwanangu. Linafaa kule bara penye udongo wa tindikali. Mchanga wetu umechanganyika na matumbawe na makombe yaliyosagika, una chokaa tele, na jivu huzidisha yale yale. Chokaa ikizidi, madini ya chuma hubaki udongoni lakini mizizi haiwezi kuyanyonya, ndipo majani machanga yanapokuwa manjano. Changanya sehemu moja ya mboji kwa mbili za mchanga, na uongeze mboji kila unapopanda upya.

Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Nipande nini? (Wiyoni)

Anza na spinachi, nayo huvumilia chumvi. Maharagwe, karoti na vitunguu viache, vitakuvunja moyo. Mwagilia chini ya shina, si juu ya majani. Na mvua ikinyesha, kinga: paa la mita 4 kwa 5 likipata milimita 20 za mvua hukupa karibu lita 400, na maji hayo matamu yatumie kwa miche.

Tunakaa nyumba ya mawe ya zamani. Naweza kupanda juu ya paa? (Bibi wa Mkomani)

Shikamoo bibi. Kwanza mwite fundi azitazame boriti. Zikiwa zimeliwa na mchwa, nakusihi usipande chochote huko juu. Chombo cha lita 20 kilichojaa udongo uliolowa hupita kilo 30, na vikiwa kumi ni mzigo wa watu wazima wanne au watano wasioshuka usiku wala mchana. Zikiwa nzima, panga vyombo kandokando ya kuta, si katikati ambapo boriti hunepa. Mchanga punguza, ongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Ni mepesi na hushika maji.

Vidukari wamevamia kunde. (Mokowe)

Mwarobaini uko mlangoni kwako. Twanga kokwa zilizokauka, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, maana jua huivunja nguvu yake upesi, na hakikisha umefika chini ya majani, ndiko wanakojificha. Rudia baada ya wiki. Majani ya kupika jioni hiyo yachume kabla hujanyunyiza.