Maswali ya Wasomaji: Njiti kifuani

SWALI: Daktari, nilijifungua wiki ya 31, mtoto akiwa na kilo 1.5. Sasa anapumua mwenyewe, ila analishwa kwa mrija na wauguzi wanataka nimbebe kifuani usiku na mchana. Kwa nini asinyonye tu? Na je, kifua kitampa joto la kutosha?

JIBU: Hongera, mama. Kunyonya ni kuvuta, kumeza na kupumua kwa zamu, na njiti wengi (watoto waliozaliwa kabla ya wakati) huanza kuvipatanisha wakifikia wiki ya 32 hadi 34, ukihesabu na zile za tumboni. Akilazimishwa mapema, maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Wewe endelea kukamua angalau mara 8 kwa siku, usiku usiuruke, kwani ziwa lisilokamuliwa hupunguza maziwa. Akianza kulamba na kutafuta chuchu, waombe wauguzi wakuonyeshe kumlisha kwa kikombe: mtoto hukalishwa, ukingo wa kikombe ukagusishwa mdomo wa chini, akaramba mwenyewe. Usimmiminie.

Joto lako linatosha. Njiti ana mafuta haba chini ya ngozi. Akipoa huteketeza sukari yake ili ajipashe, sukari ya damu ikashuka, na pumzi nayo ikayumba. Mvue nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kigeukie upande, shingo iinuke kidogo. Hapa ndipo tunaposisitiza zaidi: kidevu kikizama kifuani, njia ya hewa hujibana, na anaweza kuacha kupumua bila hata kulia. Funga kitambaa kifike chini ya sikio lake, kikaze kwenye kifua chake lakini kilegee tumboni, maana mtoto hupumua kwa tumbo. Ukilala, egemea mito, usilale bapa.

Saa 8 hadi 24 kwa siku ndizo Shirika la Afya Duniani linazopendekeza. Ukienda kuoga, baba apokee. Joto la kwapani liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Mbinu hii ya kumbeba njiti kifuani ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa uhaba wa mashine za joto, lakini si ya kubahatisha: hata penye mashine, njiti aliyetulia afadhali awe kifuani.

Mwite muuguzi mara moja pumzi ikikatika sekunde 20, midomo ikiwa ya bluu, akipoa hata akiwa kifuani, akigoma maziwa, au viganja na nyayo zikiwa za manjano.

SWALI: Mwanangu alizaliwa wiki 8 kabla ya wakati. Ana miezi 6, bado hajakaa. Amechelewa? Na chanjo nazo tuzisogeze mbele?

JIBU: Kwa kukaa na kutambaa, ondoa zile wiki 8, mhesabu ana miezi 4, na mtoto wa miezi 4 hatarajiwi kukaa mwenyewe. Endelea kuhesabu hivyo hadi atimize miaka 2. Chanjo hazisogezwi: nyingi hufuata tarehe aliyozaliwa. Kama kuna iliyompita, mpeleke kliniki wiki hii.