Jibu: Redifishi wanatimka chambo kikigusa maji

Habari ndugu. Umesema uko Laguna Madre, ile wangwa ya pwani ya Texas, Marekani, maji hayafiki hata magoti, mikia ya wale samaki redifishi unaiona kabisa, ila chambo chako cha manyoya kikitua tu wanatimka. Nilihangaika na hilo hilo msimu mzima.

Kabla ya kulaumu mkono wako, angalia macho ya chambo, zile shanga mbili za uzito kichwani pake. Kama ni ya madini ya risasi, yanatua kama kokoto. Weka ya shanga za mnyororo, ni mepesi. Halafu refusha ule uzi mwembamba wa mwisho ufike futi 10 au 12, ili mshipi mnene usitue karibu na kichwa cha samaki.

Sasa kulenga. Samaki mwenye mkia juu kichwa kimezama kwenye majani, anatafuta kaa na uduvi, haoni mbali: mtupie futi 1 au 2 kutoka puani. Anayeogelea mpe futi 4 mbele, pembeni kidogo ya njia yake, usubiri afike ndipo uvute taratibu. Chambo kisimwendee yeye hata siku moja! Kaa hamkimbilii anayetaka kumla. Mimi kosa langu kubwa lilikuwa hilo.

Akishika, usiinue fimbo. Vuta mshipi kwa mkono mpaka usikie uzito.

Na buruta nyayo unapotembea. Mawimbi yanapungua, na samaki taa (yule bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia mchangani anapata nafasi ya kuondoka kabla hujamkanyaga.

Mimi huvua kwa miguu tu, ya mashua waachie wenye mashua.